Maumivu ya Kifua: Tuujue Uzito Wake Mapema

Mwenye baiskeli anayepandisha mkungu wa ndizi katika vilima vya Muyinga husimama, hushika kifua, hupumzika kidogo, kisha huendelea na safari akidhani ni uchovu. Huenda ni uchovu kweli. Huenda pia moyo wake umepungukiwa na damu.

Hali hiyo ya pili huitwa angina. Hutokea pale mishipa inayoulisha moyo inapokuwa myembamba kwa sababu ya mafuta yaliyojijenga kutani mwake. Mtu akitulia, damu hutosha. Akifanya kazi, haitoshi. Kifua hubanwa kana kwamba kimetwishwa mzigo, na maumivu huweza kufika mkononi, shingoni au tayani. Baadhi ya watu, hasa wanawake na wenye kisukari, huishiwa pumzi tu au huona kichefuchefu.

Uzito wa angina hupimwa zaidi kwa kazi inayoyaleta maumivu kuliko kwa ukali wake. Madaktari wa moyo wa Kanada waliweka ngazi 4 mwaka 1976, nazo hutumika hadi leo. Katika ngazi ya 1, maumivu huja kwa kazi nzito au ya haraka tu. Ya 2, huja mtu akipanda mlima au akitembea kwa kasi. Ya 3, huja kwa mwendo mfupi katika tambarare. Ya 4, kila kazi huumiza, na hata aliyepumzika aweza kuumwa.

Kwa hiyo, aliyekuwa akiumwa mlimani naye sasa anaumwa uani kwake, amwone daktari bila kukawia. Maumivu yanayomjia mtu aliyetulia, yanayozidi dakika 15, au yenye jasho baridi, ni dharura: yaweza kuwa shambulio la moyo.

Mgonjwa wa namna hiyo asiendeshe chombo mwenyewe, wala asingoje foleni ya mpakani Kobero iishe. Amwambie askari aliye karibu waziwazi: “Kifua kinanibana.” Nasi askari tusiharakishe kudhani kwamba aliyeketi kando ya barabara amelewa; tumuulize kwanza, kisha tumsaidie afikishwe hospitali iliyo karibu zaidi, iwe ya Muyinga au ya Gitega.

Ndugu mwananchi, jiulize: mwezi uliopita ulifika wapi kabla ya kushika kifua, na leo umefika wapi?