Pompi Inalia: Sikiliza Kwanza

Mu malupango ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi watu wengi wako na pompi ya umeme ku kisima. Ikianza kupiga makelele, usiseme tu, «Imezeeka.» Kila sauti iko na sababu yake.

Kama inalia sawa vile inasaga mawe, inakosa maji. Mwezi wa kumi, mbele ya mvua, maji ya kisima inashuka. Na pompi yenye kukaa inje ya kisima haivute maji kupita mita 7 hivi. Angalia pia kama mpira wa kuvutia unaingiza hewa, ao klape ya chini imezibwa na muchanga.

Kama inaunguruma bila kuzunguka, zima mara moja: kuran ni kidogo, ao kondensateri imekufa, ao kitu kimekwama ndani. Ukiiacha, mota itaungua. Kama inapiga filimbi na kukwaruza, rulema zimechakaa.

Vijana, mbele ya kufungua, kateni kuran kwanza. Tena musishuke mu kisima kutafuta klape: vuteni mpira juu. Hewa mubaya ya kisima, ao moshi ya jenereta karibu yake, inaua bila kelele; na mara mingi inaua hata yule anashuka kuokoa mwenzake.

Mu nyumba njo vile pia. Mutoto akilalamika, usimunyamazishe tu. Tafuta chenye kinamuumiza.