Moyo uendao mbio: si kila mara ni jini

Mwezi wa Shaaban uliopita, baada ya swala ya Alasiri, mzee mmoja alifika katika ofisi ya kamati ya msikiti wetu akiwa na binti yake wa miaka kumi na tisa. Alimwomba imamu amsomee. Alieleza kuwa kwa miaka miwili binti hushikwa ghafla na mapigo ya moyo ya kasi, pengine akiwa ameketi tu anasoma. Macho humwingia kiza, jasho humtoka, kisha baada ya nusu saa hali hukoma ghafla kama ilivyoanza. Majirani walikwisha kutoa hukumu kwamba ana jini, na kijana aliyekuwa ameleta posa alirudi nyuma.

Imamu alimsomea. Alipomaliza akauliza, "Hospitali wamesema nini?" Mzee akajibu kuwa walikwenda mara moja, binti akapimwa, wakaambiwa ni mzima. "Alipimwa moyo ukiwa unakwenda mbio, au umekwisha kutulia?" Ulikuwa umekwisha kutulia. "Basi, mzee wangu, ukianza tena mpeleke papo hapo, usingoje utulie."

Ramadhani ilipoingia, moyo ulimwanza mbio usiku mmoja wakati wa tarawehe. Mzee hakungoja witri. Safari hii karatasi ya ECG ilionyesha mapigo 190 kwa dakika, ilhali mtu mzima aliyepumzika huwa na mapigo baina ya 60 na 100. Walipopewa rufaa kwa daktari bingwa, mzee aliniomba niandamane naye, kwa kuwa nimezoea kuandika mihtasari. Niliyoyasikia huko, pamoja na niliyoyasoma baadaye, ndiyo ninayowaletea wasomaji.

Allah (s.w.) ameujaalia moyo umeme wake wenyewe. Cheche huanzia juu ya chumba cha kulia, huenea katika vyumba viwili vya juu, hupita katika lango moja la katikati, kisha hushuka vyumba vya chini, nao moyo ukajikunja na kusukuma damu. Watu wengine huzaliwa na uzi mwembamba wa ziada uunganishao vyumba vya juu na vya chini pasipo kupita langoni. Ni njia ya panya. Umeme ukishuka langoni na kurudi juu kwa njia hiyo, huzunguka bila kukoma, na moyo huenda mbio. Hali hiyo ilielezwa mwaka 1930 na madaktari Wolff, Parkinson na White, nayo hadi leo huitwa kwa majina yao. Ndiyo iliyomsibu binti yetu.

Shida ni kuuona uzi huo. ECG hupima kutoka juu ya ngozi, mithili ya mtu asimamaye nje ya ukuta akisikiliza mazungumzo ya ndani: hujua kuna ugomvi, asijue ni kona ipi. Eksirei nayo huonyesha kivuli cha moyo, haionyeshi umeme wake. Hapana budi kuingia ndani.

Aliyethubutu kwanza ni Werner Forssmann, daktari kijana wa Ujerumani, ambaye mwaka 1929 alipenyeza mpira mwembamba katika mshipa wa mkono wake mwenyewe hadi moyoni, kisha akaenda kupigwa eksirei ili kuthibitisha. Mwaka 1956 alipata Tuzo ya Nobel pamoja na wenzake wawili walioiendeleza njia hiyo.

Siku hizi mpira huo, uitwao katheta, huingizwa kupitia mshipa wa kinenani baada ya kupigwa ganzi. Nchani mwake mna elektrodi, yaani vipande vidogo vya madini vinavyonasa umeme wa mahali vinapogusa, pamoja na kihisi kidogo cha sumaku. Chini ya kitanda huwekwa koili zinazotoa sumaku hafifu. Kwa kulinganisha nguvu ya sumaku itokayo katika kila koili, kompyuta hutambua ncha iko wapi, kwa usahihi wa karibu milimita moja, kama simu inavyojua ilipo kwa ishara za setilaiti. Kila nukta iliyoguswa huandikwa mambo mawili: mahali pake, na wakati umeme ulipofika hapo. Nukta zikiwa nyingi, moyo hujichora kwenye kioo kwa rangi; kwa kawaida nyekundu ni pale umeme unapotangulia, zambarau pale unapochelewa. Njia ya panya hudhihirika. Daktari huiunguza kwa joto la mawimbi ya redio, likaacha kovu la milimita chache, na njia ikazibika.

Kwa maradhi ya aina hii, zaidi ya wagonjwa tisa katika kumi hupona. Hata hivyo hatari zipo: kuvuja damu kinenani, na kwa nadra moyo kutoboka au lango la kawaida kudhurika. Daktari mwaminifu huyasema hayo kabla ya kuomba saini. Tena si kila moyo wendao mbio huhitaji katheta. Wengine dawa huwatosha.

Mzee aliuliza kuhusu kusitiri uchi. Daktari alimjibu kuwa hufunuliwa pale penye haja tu, na kuwa inafaa familia iombe mapema wahudumu wa kike. Imamu alimkumbusha kuwa dharura hukadiriwa kwa kiasi chake.

Wanaodhani elimu hii ni ya wageni na wamkumbuke Ibn al-Nafis, tabibu na mwanachuoni wa fiqhi ya Shafii aliyefariki Cairo mwaka 1288. Ndiye aliyeandika kwamba ukuta wa katikati ya moyo hauna tundu, na kwamba damu hupita mapafuni, kinyume na waliyoyashikilia matabibu kwa karne nyingi. Usomi wake wa dini haukumzuia kuuchunguza moyo.

Hapa nchini, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, inao mtambo wa aina hii. Gharama si ndogo. Jamaa wa msikiti walichanga, na binti alitibiwa Mfunguo Mosi. Tangu hapo moyo haujamwenda mbio.

Ndugu wazazi, kisomo ni haki, nasi hatukiachi. Lakini mtoto akilalamika moyo, tumsomee huku tukimpeleka, na tumpeleke ungali unakwenda mbio. Na ulimi tuuzuie. Binti huyu uzi wake ulizibwa kwa saa chache; jina la "mwenye jini" bado anatembea nalo mtaani, na hilo hakuna katheta ya kuliunguza. Tulimfunga sisi, na ni juu yetu kumfungua.

Wabillahi tawfiq.