Motokaa ya Zamani na Vipuri Vyake

Wakaaji wa Kisangani waijua vema Simi-Simi, upande wa magharibi wa mji, penye uwanja wa ndege wa zamani. Alfajiri ya tarehe 24 Novemba 1964 askari wa miavuli wa Ubelgiji waliposhuka hapo, walikuta njia ya ndege imezibwa kwa mapipa na magari. Habari za siku ile zina mahali pake. Sisi twachukua neno moja tu: motokaa isiyokwenda haina kazi ila kuziba njia. Na ni wangapi walioachiwa na baba Land Rover au Volkswagen, nayo imeota majani uani kwa kukosa kipuri kimoja?

Mwenye nia ya kuifufua hutanguliza fedha, kumbe yampasa kutanguliza daftari. Kutoka Kinshasa kwa njia ya mto ni safari ya kilomita 1,700 hivi. Nayo barabara ya mashariki, ya kwenda Bunia na Uganda, ni ndefu na ngumu wakati wa mvua. Kipuri kilichokosewa hakirudi dukani upesi, na huenda kimekula karo ya watoto.

Basi, kwanza andika namba ya fremu, namba ya injini na mwaka. Land Rover ilianza mwaka 1948, ikabadilishwa mara kwa mara hata ile ya namna ya tatu ikakoma mwaka 1985. Motokaa mbili zenye sura moja zaweza kutofautiana matumbo. Volkswagen yenye umbo la kobe zilitengenezwa 21,529,464, ya mwisho huko Mexico, Julai 2003. Wingi huo ni faraja, maana mwenye ndugu wengi hakosi wa kumsaidia.

Pili, jua kwamba si kila kipuri hutoka kwa muuza motokaa. Beringi, yaani zile pete za chuma zenye gololi ndani, nyingi huandikwa namba iliyo moja duniani kote. Yenye namba 6204 ina tundu la milimita 20, kipenyo cha nje milimita 47, na unene wa milimita 14. Chukua tarakimu mbili za mwisho, 04, zidisha kwa 5, nawe wapata tundu lake. Basi beringi ya dinamo ya zamani yaweza kupatikana kwa fundi wa pikipiki au wa mashine ya kusaga, mradi namba ni ile ile. Namba ikifutika, pima. Usikisie kwa jicho. Hata nati ni hivyo: Land Rover za zamani hufuata inchi, Volkswagen hufuata milimita. Ukilazimisha ya huku iingie kule, hesi zitaliwa na bolti itaharibika.

Tatu, yako mambo ambayo fundi wetu ayaweza mwenyewe. Gasketi ya kifuniko cha mafuta hukatwa kwa karatasi nene iliyo ya kazi hiyo. Bushi iliyolika hukerezwa upya kwa shaba nyeusi. Kazi hiyo ni ya heshima, nayo imeokoa motokaa nyingi.

Lakini ufundi una mpaka wake, na mpaka huo ni breki na usukani. Mipira ya breki huoza hata motokaa ikiwa imelala tu. Usiitoe katika motokaa iliyokufa ukaitia katika yako, ingawa yaonekana mizima. Wala usitie mafuta ya injini mahali pa mafuta ya breki: mipira itavimba na kulainika, na siku moja mguu utakanyaga pedali hadi chini bila jibu. Huko kwenye mteremko, mbele ya watoto watokao shuleni, hapana fundi awezaye kukusaidia.

Kwa hiyo, ewe baba mwenye nyumba, gawa orodha yako mafungu matatu: vya kutengeneza hapa, vya kutafuta popote kwa namba, na vya kununua vipya tu. Hilo fungu la tatu lilipe kwanza, hata kama injini itangoja mwaka mzima. Motokaa isiyowaka hukuacha nyumbani salama. Isiyosimama ndiyo ya kuogopwa.