Je, Wajua? Subaru Impreza Ni Mashine ya Kutupa Joto

Gari la kilo 1,300 likiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa hubeba nishati ya karibu kilojuli 500. Ukikanyaga breki hadi lisimame, nishati hiyo karibu yote hugeuka joto ndani ya diski na pedi, tena kwa sekunde chache tu. Joto hilo latosha kuchemsha lita moja na nusu ya maji. Mwendo ukiwa kilomita 200 kwa saa joto haliwi mara mbili, linakuwa mara nne.

Kila mwenye Subaru Impreza WRX anaishi na hesabu hiyo, aijue asiijue. Watu husifu mngurumo wake na jinsi linavyochomoka taa zikiwaka kijani, lakini ubora wa gari la kasi hupimwa kwa namna linavyoondosha joto: la breki upande mmoja, la injini upande wa pili. Vipuri vinavyofanya kazi hiyo ndivyo vinavyochakaa mapema, na ndivyo wengi wetu tunavyovitafutia bei ya chini. Bei ya chini ipo, na haina haja ya kupitia kwenye vipuri feki, mradi mnunuzi alijue gari lake.

Impreza ilizaliwa Japani mwaka 1992, mikononi mwa Fuji Heavy Industries, kampuni iliyobadili jina na kuwa Subaru Corporation mwaka 2017. Iliwapa ubingwa wa dunia wa mbio za magari Colin McRae mwaka 1995, Richard Burns mwaka 2001 na Petter Solberg mwaka 2003. Kwetu jina lake lilikolezwa na Safari Rally ya Kenya, ambako McRae alishinda nayo mwaka 1997 na Burns mwaka 2000. Leo zinazoonekana Nairobi, Arusha na Kampala ni zile zilizokwisha kutumika Japani, nyingine zikiwa na umri wa miaka ishirini na zaidi.

Chini ya boneti ya WRX kuna injini ya EJ20, yenye silinda nne na ujazo wa cc 1,994. Pistoni zake hazipandi na kushuka. Zimelala, mbili kushoto na mbili kulia. Juu ya boneti kuna mdomo mpana ambao wengi hudhani unapoza injini. Haupozi injini. Unapeleka upepo kwenye intakula, kile kisanduku cha aluminiamu kinachopoza hewa iliyobanwa na turbo kabla haijaingia kwenye silinda. Matoleo ya STI ya Japani yaliwekewa hata kinyunyizio cha maji cha kuilowesha intakula hiyo.

Kazi ya kupoza injini yenyewe ni ya kulanti, yaani maji ya kupozea, na hapo ndipo fundi asiyeizoea Subaru hupotea. WRX yenye turbo ina tangi dogo la chuma juu ya injini, lenye mfuniko wake, mbali na mfuniko wa rejeta. Tangi hilo ndilo sehemu ya juu kabisa ya mzunguko wa kulanti, hivyo gari hujazwa kupitia pale ili hewa ipate kutoka. Ukijaza kwenye rejeta peke yake, hewa inabaki imenaswa ndani, na siku ya pili mshale wa joto unapanda huku rejeta ikionekana imejaa. Rejeta nzima nyingi zimeng'olewa na kutupwa kwa kosa hilo.

Mfuniko wa tangi hilo ni kipuri cha bei ndogo kuliko vyote katika mfumo huu, na nadhani ndicho kinachodharauliwa zaidi. Maji ya kawaida huchemka kwa nyuzijoto 100 usawa wa bahari, na Nairobi, kwa sababu ya mwinuko wake, huchemka kwa karibu nyuzijoto 94. Mfuniko wenye springi nzima hushikilia shinikizo la takriban bar 1 juu ya lile la nje, na kiwango cha kuchemka hupanda hadi karibu nyuzijoto 120. Springi ikilegea, kinga yote hiyo imekwenda. Kwa hiyo kabla hujafikiria rejeta mpya, nunua mfuniko mpya wenye kipimo kilekile kilichoandikwa kwenye ule wa zamani.

Halafu kuna themostati. Mafundi wengi wa kwetu huing'oa na kuitupa, wakisema ni ya nchi za baridi. Hoja hiyo inasikika vizuri lakini si kweli. Themostati huiweka injini katika joto lake la kazi. Ikikosekana, kwenye safari ndefu injini hukaa baridi mno, kompyuta ya gari huendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba ndiyo kwanza imewashwa asubuhi, na silinda husagika haraka. Isitoshe, kwenye injini nyingi themostati ikifunguka hubana pia njia ya mkato ya kulanti. Ukiiondoa, sehemu ya kulanti huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari lililotakiwa kupoa linachemka. Katika vipuri vyote vya kupoza, hiki nakushauri ununue cha Subaru chenyewe. Tofauti ya bei ni ndogo, na kopi nyingi zina umbo dogo kuliko halisi.

Pampu ya maji ya EJ20 huzungushwa na mkanda wa taimingi. Pampu ikikwama, mkanda hukatika au kuruka meno, valvu zinagonga pistoni, na mwenye gari anatafuta injini nyingine. Ndiyo maana mkanda, unaobadilishwa kila baada ya kama kilomita 100,000, hubadilishwa pamoja na pampu. Aisin ya Japani hutengeneza pampu hizi, na boksi lenye jina lake mara nyingi huuzwa kwa bei ya chini kuliko lenye nembo ya gari. Kutafuta jina la mtengenezaji wa kipuri badala ya nembo ya gari ndiyo njia ya kwanza ya halali ya kupunguza gharama.

Njia ya pili ni undugu. Subaru hawakuiundia Impreza kila kitu upya. Waliigawia vipuri vya Legacy na Forester. WRX nyingi za 2002 hadi 2007 zina diski za mbele za milimita 294, zenye matundu matano ya nati kwenye duara la milimita 100. Forester nyingi za wakati huohuo hutumia diski za kipimo hichohicho. Nenda Kirinyaga Road Nairobi, Gerezani Dar es Salaam au Kisekka Kampala, uulize diski za Forester, gari la familia lililojaa kila mtaa. Ila ukiwa na STI uwe mwangalifu: kuanzia toleo la 2005 duara la nati lilipanuliwa hadi milimita 114.3, na diski ya kabla ya hapo haiingii hata kwa nyundo. Muuzaji anayekuambia Impreza zote ni moja hajui anachouza.

Diski zenyewe, chagua za kawaida zenye nafasi ya hewa katikati. Zile zilizotobolewa matundu usoni zinapendeza zikionekana kati ya spoku za rimu, lakini kopi zake za bei poa hupata nyufa kuanzia kwenye matundu hayo. Kwa diski iliyotumika, angalia unene mdogo kabisa unaoruhusiwa, ambao kwa kawaida umegongwa kwenye diski yenyewe, kisha pima kwa venia. Ikishafika hapo ni chuma chakavu.

Pedi nazo huwa na siri pembeni. Nyingi zimechapwa herufi mbili mwishoni mwa namba zake, kwa mfano EE, FF au GG. Herufi ya kwanza hueleza msuguano pedi ikiwa baridi, ya pili ikiwa moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, na G ni 0.45 hadi 0.55. Kwa gari zito la mwendo kama WRX, pedi ya EE ni dhaifu hata ikiwa imefungwa kwenye kalipa za Brembo. Alama ya E ndani ya duara pamoja na maandishi R90 inamaanisha pedi ilipimwa Ulaya na nguvu yake haikupishana na ya asili kwa zaidi ya asilimia 15. Wapo wanaoghushi alama hizi, kwa hiyo duka linalokubali kurudishiwa mali lina thamani kuliko punguzo la bei.

Anayeteremka Kitonga mkoani Iringa au Mai Mahiu nchini Kenya huku mguu hauachi pedali anapaswa kujua jambo moja zaidi. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani mwaka hadi mwaka. Kiwango cha DOT 4 kinadai yachemke kwa si chini ya nyuzijoto 230 yakiwa mapya, lakini yakishanyonya maji hata 155 inakubalika. Yakichemka huzaa mvuke, mvuke hubonyea, na pedali inakwenda hadi sakafuni bila gari kushikwa. Chupa mpya iliyofungwa ni gharama ndogo sana kwa kinga kubwa hivyo, na mafuta hayo yabadilishwe kila baada ya miaka miwili hata kama pedi bado nene.

Njia ya tatu ni vipuri vilivyotumika kutoka Japani, vingine vikipitia masoko ya Sharjah. Hapa gawanya bila huruma. Kalipa ya mtumba nunua, kisha ibadilishiwe mipira ya ndani. Mwili wake hudumu miaka mingi. Feni za rejeta nunua baada ya kuziwasha dukani. Pedi, mipira ya breki, hosi za kulanti na themostati usinunue vilivyotumika. Rejeta ya mtumba pia iache: matangi yake ya plastiki hupasuka kwa uzee, na fundi wa kulehemu aliyezoea rejeta za shaba hana la kuyafanyia. Kopi mpya ya aluminiamu yenye unene sawa na ya asili itakufaa zaidi.

Kabla hujatoka nyumbani, piga picha kibati chenye namba ya chesisi kilichomo ndani ya boneti, kisha andika namba za kipuri cha zamani. Namba ya kipuri cha Subaru ikianza na 45111 ni rejeta, 21200 ni themostati, 26300 ni diski ya mbele. Mpe muuzaji namba hizo kabla ya kumtajia jina la gari, na usilipe mpaka umeona zinalingana na zilizo kwenye boksi.