Gurudumu la Tano Lisilogusa Barabara

Ukisimama Kavimvira, pale barabara itokayo Bujumbura kupitia Gatumba inapoingia Uvira, jaribu kuhesabu magurudumu ya semi moja iliyo kwenye foleni ya forodha. Utahesabu ya mbele, ya nyuma ya kichwa, ya chini ya tela, na ukiwa makini hutasahau la akiba. Bado limebaki moja. Halina tairi wala upepo, na halijawahi kugusa lami tangu litoke kiwandani. Ni sahani nene ya chuma, pana kama sinia la pilau la harusi, iliyolala mgongoni mwa kichwa cha lori huku ikimetameta kwa grisi. Upande wake wa nyuma una mwanya kama mdomo wa samaki. Hilo ndilo gurudumu la tano. Mafundi wetu waliosomea ufundi kwa Kifaransa huliita sellette, yaani kijitandiko, nami naona jina hilo limelenga zaidi, kwa maana tela huketi pale kama mtu juu ya punda.

Jina la gurudumu la tano limerithiwa kutoka kwa magari ya farasi. Gari la magurudumu manne lilihitaji ekseli ya mbele igeuke chini yake bila gari lenyewe kugeuka, kwa hiyo mafundi walilaza duara la chuma juu ya ekseli hiyo. Manne yalibiringika, la tano lilizunguka tu limelala. Farasi wameondoka, jina limebaki.

Chini ya pua ya tela huning'inia kigingi cha chuma, kingipini. Kichwa cha lori kinaporudi nyuma, mwanya hukiongoza kigingi hadi katikati ya sahani, taya zinakikamata na komeo la springi linajifunga. Kwenye semi nyingi unene wa kigingi ni inchi 2, yaani milimita 50 na kidogo. Unaweza kukizungushia kiganja. Na hicho ndicho kinachovuta tani 30 na ushee za saruji kutoka Dar es Salaam. Wengi hudhani kigingi pia kinabeba. Hapana, kubeba ni kazi ya sahani. Kigingi kinavuta tu, na kuzuia tela isiende zake.

Kuna jambo hunifurahisha katika historia ya chombo hiki. Mwaka 1914, mjini Detroit, mfanyabiashara wa mbao aitwaye Frederick Sibley alitaka kupeleka mashua yake ziwani. Akamwendea mhunzi, August Fruehauf, ambaye alimtengenezea tela isiyo na magurudumu ya mbele, ikiegemea mgongoni mwa gari la Ford Model T. Fruehauf aliiita nusu-tela, na ndiyo asili ya neno semi. Mwaka uliofuata Charles Martin akabuni gurudumu la tano lenye kuyumba ili kuunganisha gari na tela. Na mwaka huohuo wa 1915, huku kwetu Kongo, Waingereza walikuwa wakiburuta mashua mbili, Mimi na Toutou, kutoka Fungurume kupitia milima ya Mitumba hadi Sankisia, zikivutwa na matrekta ya mvuke na ng'ombe, ili zije kupigana na Wajerumani katika Ziwa Tanganyika. Mashua moja kwa ajili ya starehe, mbili kwa ajili ya vita, na swali lilikuwa lilelile: uzito wa kitu kirefu uuweke wapi?

Kina mama wabebaji mizigo wa Bukavu wanalijua jibu bila kuambiwa na mhandisi. Gunia hufungwa kwa ukanda unaopita kwenye paji la uso, na mwili huinama mpaka uzito ushukie miguuni. Gunia hilohilo likining'inizwa nyuma ya kiuno lingemwangusha mbebaji chali.

Pikapu nayo ina miguu yake. Chukua Hilux, ambayo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma kuna mita 3 na kidogo. Watu wengi wakitaka kuvuta tela hufunga tufe la chuma nyuma ya bampa, tuseme mita 1.2 kupita ekseli ya nyuma. Tela ikililalia tufe hilo kwa kilo 250, ekseli ya nyuma itahisi karibu 350, maana mkia ukibonyea pua inainuka. Zile kilo 100 za ziada zimenyofolewa kwenye magurudumu ya mbele, yaleyale yanayogeuza gari na kufanya sehemu kubwa ya kazi ya breki. Dereva husema usukani umekuwa mwepesi, na wengine hulisema hilo kama sifa!

Gurudumu la tano la pikapu hufungwa ndani ya bodi, juu ya ekseli ya nyuma au mbele yake kidogo, kwa reli zilizokazwa kwenye chasisi, si kwenye bati la bodi. Hapo hakuna kinachonyofolewa mbele, na mkia wa tela haupati mwanya wa kulichezesha gari. Wamarekani huvuta hivyo nyumba za magurudumu. Hapa Uvira sijaliona gurudumu hilo kwenye pikapu hata moja, na sababu si ushamba wetu. Piga hesabu. Tela ya namna hii huweka mgongoni mwa gari kati ya asilimia 15 na 25 ya uzito wake. Tela ya tani 3.5, kwa asilimia 20, inakupa kilo 700. Pikapu ya kubeba tani 1 imebakiwa na kilo 300: dereva, wenzake wawili na jerikani chache, basi. Nani amewahi kuona pikapu ya kwenda mji wa Baraka ikiondoka na mzigo huo? Huwa ni magunia kwanza, watu juu ya magunia, kisha kuku juu ya watu.

Anayelitaka hata hivyo aanze kwa kupima bodi. Pikapu ya milango minne ina bodi fupi, mita 1.5 hivi, na ukikata kona kali pembe ya tela huingia kwenye kioo cha nyuma cha kabini. Ndiyo maana kuna sahani zinazoteleza kurudi nyuma wakati wa kugeuka. Apime pia nafasi kati ya tumbo la tela na kingo za bodi. Sentimita 15 zinatosha kwenye lami. Kwenye barabara inayovukwa na mito kama yetu, mahali ambapo pikapu inapanda ukingo tela ikiwa bado mtoni, mimi nisingezitegemea.

Sasa tuje kwenye uchaguzi ulio mgumu zaidi. Sahani ya kawaida ya lori hunesa mbele na nyuma tu, kama kichwa cha mtu anayeitikia. Ziko nyingine zinazonesa pia kulia na kushoto. Mtu aliyepita barabara ya Uvira kwenda Kamanyola wakati wa mvua atasema mara moja: nipe hiyo ya pili, isipinde chasisi kila gurudumu moja linapozama shimoni. Kwa tela ngumu yenye mzigo wa chini atakuwa amesema sawa. Kwa tangi la mafuta atakuwa amekosea vibaya. Tangi limejaa uzito juu, na uzito wenyewe ni kimiminika kinachokimbilia upande linakoinama. Linapoanza kulala, sahani isiyonesa pembeni hulazimisha kichwa cha lori kulishikilia kwa springi zake. Inayonesa huliachia. Hata kwa sahani sahihi, nyuma ya tela inaweza kuwa imekwisha kuinua magurudumu kabla dereva hajahisi kitu, kwa kuwa kabini yake bado imesimama wima.

Katika bonde la Ruzizi habari hii haisomwi kwa utulivu. Tarehe 2 Julai 2010 lori la mafuta lililotoka Tanzania lilipinduka Sange. Watu zaidi ya 200 waliungua, wengine wakiwa wamesogea kuchota mafuta yaliyomwagika, wengine wakiwa ndani ya vibanda wakitazama mpira wa Kombe la Dunia. Sisemi kwamba sahani ndiyo iliyosababisha. Nasema tu kwamba hapa neno "kupinduka" lina makaburi yake.

Malori yetu mengi yamefika yakiwa yametumika, kwa hiyo anayenunua na asome kibao kilichogongwa kwenye sahani. Herufi D ni nguvu ya mvutano inayovumilika, kwa kilonyutoni. U ni tani zinazoruhusiwa kuikalia. Sahani nyingi huandikwa D ya 152. Semi ya jumla ya tani 45, yenye kichwa cha tani 25 na tela ya tani 36, zile tani 16 zinazolalia sahani zikiwa zimehesabiwa pande zote mbili, inahitaji kama 118, kwa hiyo kuna akiba. Lakini kibao kinasema sahani ilivyozaliwa, hakisemi ilivyozeeka. Kigingi nacho kina kipimo chake cha uzee: kile cha milimita 50.8 kikilika hadi 49, kitupwe. Tofauti haifiki milimita 2. Jicho halitaiona, na fundi asiye na kalipa atakuapia kuwa kigingi bado kizima.

Jioni, tela inapofungwa upya kwenye kichwa kingine, dereva mzuri huiacha imefunga breki, akaingiza gia ya kwanza na kuvuta kidogo kuona kama taya zimeuma. Hilo pekee halimtoshi, kwa sababu taya huweza kushika nusunusu zikahimili mvuto huo mdogo. Ndipo konvwayeri, msaidizi wa dereva, anapojipenyeza chini ya pua ya tela, anawasha tochi ya simu, anatazama kama sahani na tumbo la tela vimegusana bila mwanga kupita katikati, na kama taya zimezunguka nyuma ya kigingi. Akitoka na grisi begani, miguu ya tela inakunjwa.