Kilo zako ziko ukurasa gani?

Ndugu wanakisomo, msimu mmoja wa pamba alitujia mama mmoja, mhitimu wa kisomo kama ninyi. Alikuwa na stakabadhi tatu, amezifunga katika pindo la khanga. Tarehe 3 Juni, kilo 46. Tarehe 10 Juni, kilo 52. Tarehe 24 Juni, kilo 38. Tulijumlisha pamoja naye tukapata kilo 136. Lakini chama chao kilimlipa kilo 98 tu. Je, kilo 38 zilikwenda wapi?

Hazikuibwa. Zilikuwamo kitabuni, zimeandikwa vizuri kwa wino. Ila tarehe 15 Juni karani alipiga mstari akaandika jumla. Pamba ya tarehe 24 ikaandikwa chini ya mstari ule. Siku ya malipo karani aliona "Jumla 98", basi, akaishia hapo. Kama bei ni shilingi 1,000 kwa kilo, hizo ni shilingi 38,000 zimelala kitabuni.

Wakulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa wana historia katika jambo hili. Miaka ya 1950 walichoka kupunjwa na wanunuzi kwenye mizani, wakaweka wapimaji wao wenyewe. Vyama vyao vikakua, na mwaka 1955 vikaungana katika shirikisho moja la ushirika la Victoria. Mizani tulijifunza kuisoma. Kitabu je?

Kitabu cha mapokezi huandikwa kwa kufuata siku. Anayefika kwanza huandikwa kwanza. Kila siku mistari inaongezeka. Ukitaka kilo zako humo utapitia kurasa zote, na ukiruka mmoja umepoteza. Ndiyo maana kuna leja, ambamo kila mwanachama ana ukurasa wake. Mbele ya leja kuna orodha: namba ya mwanachama, kisha ukurasa wake. Tafuta kwa namba, usitafute kwa jina. Akina Masanja katika kijiji kimoja cha Usukumani wanaweza kuwa kumi! Ukishaipata namba, weka rula au kipande cha karatasi chini ya mstari, ndipo usome kwenda kulia: tarehe, kilo, fedha. Jicho bila rula huteleza likasoma kilo za jirani.

Sasa, ukurasa nao hujaa. Hapo ndipo wengi wanapopotea. Tuseme wewe uko ukurasa wa 27, nao umejaa. Karani hawezi kukuandika ukurasa wa 28, huo ni wa mtu mwingine. Atakwenda mbali, labda ukurasa wa 118. Karani mzuri ataandika chini ya ukurasa wa 27: "Inaendelea ukurasa 118." Juu ya ukurasa wa 118 ataandika: "Jumla kutoka ukurasa 27," na kilo zenyewe. Tena atasahihisha ile orodha ya mbele. Asipofanya hivyo, anayetafuta atafika ukurasa wa 27 na kudhani mambo yameishia hapo.

Jumla nayo iandikwe na tarehe yake. "Jumla 98" haisemi kitu. "Jumla hadi 15 Juni, kilo 98" inakuambia uangalie kama kuna kilichokuja baadaye. Msidhani mashine inaondoa shida hii. Kompyuta iliyoambiwa ijumlishe mistari 40 inaweza kujumlisha hiyo 40 tu, hata mistari ikifika 60.

Mama yule aliona haya kurudi, akasema ataonekana mgomvi. Tulimwambia leja ina ukurasa wake, na kuusoma si ugomvi. Alikwenda, akaomba ufunguliwe, akaweka kidole chini ya mstari wa jumla. "Mwanangu, hebu soma na hapa chini." Karani akasoma. Akasoma tena. Kisha akachukua kalamu, na kilo 38 zikalipwa Jumamosi iliyofuata.