Juu ya Maneno "Mla Mboga", "Haramu" na "Mwiko" katika Kueleza Chakula cha Wabudha

Wanaoandika kwa Kiswahili habari za dini za Asia huelekea kusema kwamba Wabudha ni "wala mboga", na kwamba nyama kwao ni "haramu". Maneno hayo yote mawili hayafai, na makala haya yakusudia kueleza sababu, kwa maana kosa la neno hapa huzaa kosa la maarifa.

Tuanze na mboga. Kwa wasemaji wengi wa pwani, mboga ni majani na mazao ya shambani yanayopikwa. Lakini tuchukue Segese, katika Halmashauri ya Msalala mkoani Shinyanga, si mbali na mgodi wa Bulyanhulu, ambako Kiswahili cha wachimbaji dhahabu waliotoka mikoa mbalimbali huchanganyika na Kisukuma cha wenyeji. Huko, kama katika sehemu nyingi za bara, mboga ni kila kinacholiwa pamoja na ugali. Mgagani ni mboga, mlenda ni mboga, dagaa wa Ziwa Victoria ni mboga, na nyama ya ng'ombe ni mboga vilevile, tena ndiyo isifiwayo. Mwambie mama ntilie wa huko kwamba mgeni wako ni mla mboga, naye atakuuliza, kwa haki, mboga gani. Ukirekebisha ukasema mgeni hali nyama, huenda akamletea dagaa, maana katika mazungumzo ya kawaida samaki hahesabiwi kuwa nyama. Ibara iliyo salama ni "asiyekula nyama wala samaki". Urefu wake tuuvumilie.

Tena mkulima wa huko aweza kula siku kadhaa mfululizo ugali kwa mlenda, au michembe kwa karanga, bila kuonja nyama. Hakuna amwitaye mla mboga, kwa kuwa hakuazimia lolote; ndicho chakula kilichopo.

Mbudha asiye mtawa hujifunga kwa mafunzo matano: kujiepusha na kuua, kuiba, uasherati, uongo na vileo. Funzo la kwanza kwa Kipali ni *pāṇātipātā veramaṇī*. *Pāṇa* ni chenye pumzi, hata sisimizi. Mfasiri akiandika "mnyama" atakuwa amewaacha nje wadudu na samaki. *Veramaṇī* ni kujiepusha. Hapana amri hapo, wala Mungu anayeamuru: msemaji mwenyewe husema kwamba anaitwaa hatua hiyo ya kujifunza. Kwa hiyo "haramu" halifai, maana ladai kuwapo mwenye kuharimisha. "Mwiko", neno ambalo pia ni jina la chombo cha kusongea ugali, laelekea upande wa ukoo na urithi. Mwiko wa ukoo mtu huzaliwa akaukuta. "Nadhiri" lakaribia zaidi, lakini nadhiri huwekwa mbele ya Mungu, mara nyingi kwa kutarajia kupewa kitu. Mimi napendelea "ahadi ya kujizuia", ingawa haina utamu.

Yafaa pia kukumbuka kwamba funzo hilo lahusu kuua, wala halitaji kula. Katika *Jīvaka Sutta*, Budha amruhusu mtawa kupokea nyama endapo hakuona, hakusikia wala hakushuku kwamba mnyama alichinjwa kwa ajili yake. Na vitabu vya Vinaya vyasimulia kwamba Devadatta alipotaka watawa wote wakatazwe nyama na samaki, Budha alikataa kulifanya sharti. Ndiyo sababu Wabudha wengi wa Sri Lanka hula samaki, japo siku ya mwezi mpevu, iitwayo Poya, maduka ya nyama ya huko hufungwa. Wasinhala wa kisiwa hicho ndio walioanzisha chama cha Wabudha mjini Dar es Salaam mwaka 1915, na hekalu lao lipo Upanga. Kwa Wabudha wa Mahayana mambo ni mengine: *Laṅkāvatāra Sūtra* yalaani ulaji wa nyama, na mfalme Wu wa Liang (502–549) aliwakataza watawa wa China nyama na mvinyo. Waumini wengi wa China wasio watawa huacha nyama siku ya 1 na ya 15 ya mwezi tu.

Gumu kuliko hayo ni suala la biashara. *Aṅguttara Nikāya* yataja biashara tano ambazo mfuasi asizifanye: ya silaha, ya viumbe, ya nyama, ya vileo na ya sumu. Mfasiri aweza kudhani kwamba "biashara ya viumbe" ni mnada wa ng'ombe. Sivyo: wafafanuzi wa kale wa Kipali waieleza kuwa ni kuuza binadamu, na kufuga wanyama ili wauzwe waliweka chini ya biashara ya nyama. Sasa, msomaji wa Segese akisoma "biashara ya nyama" atamwona mwenye bucha peke yake, na mfugaji apelekaye fahali mnadani atajiona hayumo. Kwa hiyo tafsiri iandikwe "biashara ya nyama na ya mifugo ya kuchinjwa".